Mbegu za mwani za Bibi Chewa

Sikukuu iliyopita nilikwenda Wete, Pemba, kumuangalia mama, nikazikuta sidii zetu za utotoni zimetundikwa kondeni. Kila moja imepitishwa uzi wa nailoni kwenye tundu lake la katikati, na zote zinazunguka juu ya mpunga zikiwamulika ndege machoni. "Zimepata kazi," mama aliniambia, bila dalili yoyote ya majuto. Nilishika moja nikaifuta vumbi. Ilikuwa Encarta, ile ensaiklopidia ya kompyuta ambayo Microsoft waliianza mwaka 1993 na kuizika 2009. Elimu ya dunia nzima inaning'inia kwa uzi, inafukuza ndege. Sikuwa na la kusema, maana mpunga wenyewe ulikuwa umependeza.

Tatu zilinusurika. Zilikuwa ndani ya kopo la halua ya Maskati, juu ya kabati, pamoja na vitufe vya kanzu na risiti za karafuu za zamani. Moja ya hesabu, moja ya kujifunza kupiga chapa, na moja yenye picha ya samaki wa manjano. Nimeandika makala hii ya gemu za kujifunzia kwa sababu ya sidii hizo tatu, na kwa sababu ya jambo moja alilonikumbusha kaka yangu, ambalo limenivurugia fikra niliyokuwa nayo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kompyuta yetu aliileta ami kutoka Maskati mwaka 2001, nikiwa na miaka sita. Ilishushwa bandarini Mkoani, ikapandishwa gari ya mbao pamoja na magunia ya mchele, ikafika Wete na mtaa mzima nyuma yake. Pemba wakati ule iliishi kwa umeme wa mashine za dizeli. Waya wa chini ya bahari kutoka Tanga haukufika mpaka 2010. Kwa hivyo baba hakuiwasha kabla ya kuwasha stablaiza kwanza, na kusimama kidogo akiisikiliza inavyovuma, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. (Dizeli ilikuwa na fahari yake. Mwaka 2008 Unguja ilipokaa gizani karibu mwezi mzima, tuliwapigia simu jamaa zetu wa mjini kuwapa pole, na pole yenyewe ilikuwa na kicheko ndani.) Ruhusa ya kucheza ilikuwa baina ya kurudi skuli na kwenda chuoni kusoma Kurani: kiti kimoja, mausi moja, watoto wanane au tisa.

Kuzifufua sidii hizo si kazi ya kubonyeza mara moja. Laptopu yangu haina hata mlango wa sidii, kwa hivyo nilikwenda kwa fundi Chake Chake, kijana ambaye aliitazama ile ya samaki kama mtu aliyeletewa rupia ya Mjerumani. Alikuwa na kisomeo cha pembeni. Sidii ya hesabu ilisomeka, lakini programu yake ya kujisakinisha iliandikwa kwa mtindo wa biti 16, na Windows za leo za biti 64 haziuelewi kabisa mtindo huo. Ni kama kumsemesha mtu kwa lugha ya babu yake. Ile ya samaki ilikuwa rahisi zaidi kuliko nilivyotarajia, kwa sababu kuna watu waliotengeneza programu ya bure iitwayo ScummVM, tangu 2001, kwa ajili ya gemu za aina hiyo. Unanakili mafaili kutoka kwenye sidii, unaielekeza programu yalipo, na gemu inacheza, hata kwenye simu. Ile ya hesabu niliikuta kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ambayo Januari 2015 iliweka gemu zaidi ya 2,000 za DOS, mfumo wa kompyuta za zamani, ambazo unazicheza ndani ya kivinjari chako, bila ya kusakinisha chochote.

Hivyo nikakaa barazani kwa mama, usiku, nikaanza na hesabu.

Gemu yenyewe ni Math Blaster. Ilianza mwaka 1983, kazi ya Jan Davidson, mwalimu wa California, na ikaendelea kutoka kwa matoleo mengi. Mpango wake ni huu: unaletewa hesabu, unajibu, na ukishajibu za kutosha unapewa nafasi ya kupiga takataka zinazoelea angani. Zikiisha, unarudi kwenye hesabu. Nilicheza nusu saa na moyo ukanidunda kwa sauti zile zile. Nikampigia kaka yangu, yuko Unguja, nikamwambia: hii gemu ndiyo iliyonipa kichwa cha hesabati.

Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe? Hesabu zote nilifanya mimi. Nyinyi mlikuwa mnapiga takataka."

Na ni kweli. Mara tu aliposema nikaiona picha yote. Kaka alikuwa darasa la tano. Alikaa upande wa kushoto wa kiti, anajibu, halafu anainuka, na mmoja wetu anaruka kukaa na kupiga. Takataka zikiisha tunapiga kelele, "Kaka! Kaka! Hesabu!" naye anarudi kama mfanyakazi anayeitwa zamu. Watoto wa miaka sita tulikuwa tumegundua, bila ya kufundishwa na mtu, kwamba gemu ile ilikuwa vitu viwili vilivyofungwa kwa kamba, na kamba yenyewe imelegea. Tukaifungua. Kazi tukampa anayeweza, starehe tukachukua sisi.

Tangu usiku ule nina kipimo kimoja cha gemu yoyote inayojiita ya kufundisha, nacho nakiita kipimo cha kaka. Je, unaweza kumkodi mtu akufanyie somo, nawe ukabaki na mchezo wako mzima? Ukiweza, basi somo halimo ndani ya mchezo. Ni mwarobaini uliotiwa ndani ya halua, na mtoto yeyote wa Wete anajua kula halua akaacha mwarobaini kwenye sahani.

Wataalamu waliliona hilo zamani. Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini na mmoja wa waliotunga lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967, aliandika mwaka 1998 kuhusu gemu hizi za kuchanganya elimu na burudani, akazifananisha na mtoto aliyerithi kasoro za wazazi wake wote wawili na kuacha uzuri wao. Nadhani alikuwa mkali kupita kiasi, maana si zote. Kuna Number Munchers ya mwaka 1986, iliyotengenezwa Minnesota na MECC, taasisi ile ile iliyosambaza gemu ya Oregon Trail. Hiyo sikuicheza utotoni, nimeikuta ukubwani. Una mdudu wa kijani ndani ya ubao wa miraba, kila mraba una namba, na unaambiwa ule zile tu zinazogawika kwa tano, huku majitu yanakufukuza. Mjaribu kaka hapo. Akikuhesabia yeye, basi yeye ndiye anayecheza na wewe ni mtazamaji. Hakuna sehemu ya mchezo inayobaki ukishaondoa hesabu, kwa sababu kukimbia kwenyewe ni kuhesabu.

Na hapa si lazima tuvuke bahari kutafuta mfano. Mbao za bao zimejaa barazani kwetu. Mashimo 32, kete 64, na mchezaji mzuri anajua, kabla hajatia mkono shimoni, kete yake ya mwisho itaangukia wapi na itakula nini. Hakuna mzee aliyewahi kukaa barazani Wete akasema "leo nitawafundisha vijana kujumlisha." Lakini mkabidhi mtu mwengine kuhesabu kwa niaba yako na utafukuzwa barazani, na watakuwa na haki. Bao linafaulu kipimo cha kaka bila hata kukijua.

Sidii ya pili naipita haraka. Ni ya Mavis Beacon, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1987, ya kufundisha kupiga chapa kwa vidole vyote. Inafaulu kirahisi, maana hakuna wa kukuazima vidole vyake. Ila lazima niseme kwamba mimi na wenzangu tuliamini kwa miaka mingi kuwa Mavis ni mwalimu wa kweli, mwanamke mweusi aliyevaa vizuri na anayejua kazi yake, na hata tulibishana kama ni Mmarekani au ametoka bara. Hakuwapo. Ni jina lililobuniwa, na picha ya mwanzo ilikuwa ya mwanamitindo mzaliwa wa Haiti. Nilipolijua hili nilihisi kama mtu aliyeambiwa kuwa maalimu wake wa chuoni alikuwa tangazo la sabuni.

Ya tatu ndiyo iliyoniweka macho mpaka adhana ya alfajiri.

Inaitwa Freddi Fish and the Case of the Missing Kelp Seeds, ya mwaka 1994, kutoka kampuni ya Humongous Entertainment, aliyoianzisha Ron Gilbert pamoja na Shelley Day mwaka 1992. Kisa chake: samaki wa kike wa manjano na rafiki yake mdogo wa kijani wanaambiwa kwamba sanduku la mbegu za mwani la Bibi Chewa limeibiwa, na bila ya mbegu hizo jamii nzima ya chini ya bahari itakosa chakula. Papa wawili wamelificha. Samaki wetu wanafuata chupa zenye ujumbe, wanakusanya vitu, wanajaribu kipi kinafungua wapi. Kwenye sidii bibi huyo anaitwa Grandma Grouper, lakini kwetu hakuwahi kuwa na jina jengine isipokuwa Bibi Chewa, kwa sababu chewa tulimjua sokoni.

Tafadhali elewa maana ya kisa hiki kwa mtoto wa Pemba. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, kikavuka kuja kwetu, na leo mwani mwingi wa Zanzibar unatoka Pemba. Tulikuwa tukiwaona mama zetu wakishuka ufukweni bamvua, wakikaa kivulini na kufunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwenye kamba, na vipande hivyo wakiviita mbegu. Halafu kompyuta inatoka Maskati, na ndani yake kuna bibi analia kwa mbegu za mwani! Mimi nilikuwa na hakika kwamba gemu imetengenezwa Pemba, au angalau na mtu aliyewahi kufika. Kumbe waliitengeneza kwenye jimbo la Washington, Marekani, na mwani wanaoukusudia ni ule wa bahari baridi unaosimama kama msitu, usiofanana na wetu hata kidogo.

Gemu hii haikutufundisha herufi wala namba, na wala haikudai hivyo kwa nguvu. Kiingereza chake hatukukijua. Ninasikia wenzangu wengi wa rika langu wakisema gemu za kompyuta ziliwapa Kiingereza; mimi nilichotoka nacho ni maneno matatu, na moja nililitamka vibaya mpaka sekondari. Tulichofanya kilikuwa kitu chengine. Kwa kuwa hatukuelewa wanachosema, ilibidi tuelewe wanachofanya. Tukibofya kila kitu: jiwe, konokono, mlango, na karibu kila kitu kinajibu kwa mchezo wake mdogo. Tukakumbuka nani anataka nini. Na kwa kuwa njia ya kulifikia sanduku haikuwa ile ile kila ukianza upya, kukariri hakukusaidia. Binamu yangu alichora ramani ya bahari nzima kwa mkaa kwenye ukuta wa uani, mapango na mashua zilizozama, mishale na yote. Alichapwa. Ramani ilibaki mpaka ukuta ulipopakwa chokaa, na tuliitumia.

Tazama sasa kipimo kinavyofanya kazi. Kaka yangu, fundi wa hesabu, alikaa mara moja akajaribu kutuongoza. Tulimtoa kitini. Alikuwa anajua majibu ya hesabu, lakini pale hapakuwa na majibu ya kujua, palikuwa na mahali pa kwenda. Kila mmoja wa wale wanane au tisa alikuwa na rai, na rai zote zilihesabika, hata ya mdogo wetu aliyekuwa na miaka minne, ambaye ndiye aliyegundua kwamba tulishaipita chupa moja bila ya kuiona.

Labda utaniambia: huo ni ushahidi gani? Mtu anaipenda gemu ya utotoni kama anavyopenda wali wa mama yake, na mapenzi si utafiti. Nakubali. Na nakubali pia kwamba kuna mambo ambayo hayana mchezo ndani yake na ni lazima yaingie kichwani. Chuoni tuliimba irabu mpaka sauti zikatukauka, na leo nazisoma. Lakini chuoni hakuna aliyetudanganya kwamba ule ni mchezo. Maalimu alikuwa na bakora na somo lilikuwa somo. Kinachonikera mimi ni dawa inayojiita halua.

Biashara nayo ilichangia. Gemu hizi zilikuwa na miaka yake ya neema, kisha kampuni kubwa zikaanza kumezana. Mwaka 1995 kampuni ya programu ya SoftKey iliinunua The Learning Company, wenye gemu za kusoma za Reader Rabbit, ikachukua na jina lao. Mwaka uliofuata ikaichukua MECC. Na mwaka 1999 Mattel, watengeneza wanasesere, wakainunua yote kwa takriban dola bilioni 3.5. Hasara ilikuwa kubwa mno, mwaka uliofuata wakaiachia. Katikati ya kumezana huko bei zilishushwa mpaka sidii ikawa kitu cha kurundikwa kapuni dukani, na intaneti ikamaliza kazi iliyobaki. Zilizosalimika zimesalimika kwa sababu ya watu wazima waliozikumbuka na kuzifanyia kazi usiku, bila ya malipo.

Kwetu swali si gemu za Marekani. Katikati ya miaka ya 2000 redio hapa Zanzibar ilikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze, vya watoto wa skuli za maandalizi na madarasa ya mwanzo, kwa Kiswahili. Mwalimu anawasha redio, na redio inaamuru: rukeni mara tatu, pigeni makofi, hesabuni vidole. Mlete kaka hapo. Hakuna wa kukurukia. Kwa kipimo changu, redio ile ya betri iliishinda kompyuta yetu ya Maskati, au angalau ile sidii ya hesabu. Na bado, nikitaka leo kumsikilizisha mpwa wangu kipindi kimoja, lazima nianze kwa kuulizia watu, ilhali samaki wa Marekani nimempata kwa usiku mmoja.

Halafu kuna lililofanyika ng'ambo ya maji kidogo tu kutoka kwetu. Shindano la Global Learning XPRIZE, lililotangazwa 2014, lilipeleka vishikwambi vya kujifunzia kwa Kiswahili mkoani Tanga, kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji 170. Kabla ya majaribio, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mei 2019 washindi wawili, Kitkit School na onebillion, waligawana dola milioni 10, na programu za walioingia fainali zikaachwa wazi, yeyote azichukue azitumie. Siku ikiwa safi milima ya Usambara unaiona kutoka Pemba. Yeyote anayetaka kununulia skuli zetu vishikwambi angeanza kwa kuvuka kwenda kutazama walichocheza wale watoto, na kipi walikirudia wenyewe bila ya kuambiwa.

Katika vikao vya wazazi nilivyohudhuria, maswali kuhusu programu za watoto ni mawili siku zote: inafuata mtaala, na ni ya lugha gani? Yote mawili ni ya maana, na la lugha nalipenda. Ila kuiandika dawa kwa Kiswahili hakuifanyi halua. Nimeshaona programu za simu za kuhesabu kwa Kiswahili safi kabisa ambazo ni takataka za angani zile zile: jibu, pata nyota, jibu, pata nyota, kisha tangazo. Mpwa wangu wa miaka sita huzipeleka kwa mama yake. "Nijibie hii, nataka nyota." Anafanya tulivyofanya sisi, na si kosa lake.

Siku ya mwisho Wete nilimuwekea mpwa wangu gemu ya Bibi Chewa, kwenye laptopu, chini ukumbini. Mama mdogo alikuwa amekuja kutoka Kiuyu, ambako analima mwani tangu sijazaliwa, na viganja vyake vinaonesha. Alikaa nyuma ya mtoto kwa muda bila ya kusema, ameshika kikombe.

"Mwani gani huu una mbegu?" aliuliza hatimaye. "Mbegu ya mwani ni mwani wenyewe."

"Imo ndani ya sanduku, bibi," mpwa wangu alisema. "Wameificha."

"Sandukuni? Siku ngapi?"

Mtoto alinitazama. Nilisema sijui.

"Mbegu haikai nje ya maji, itakufa," mama mdogo alisema.

"Basi tufanye haraka," akasema mpwa wangu, akamsogezea nafasi kwenye jamvi na kuushika mausi. "Wewe angalia chupa."

Mama mdogo akaweka kikombe chini.